Mchezaji Aliyeshika Kalamu

Juma hili nilikuwa Kilwa Masoko. Jioni moja, si mbali na gati, nilikuta wazee wawili wakibishana juu ya bao lililofungwa zamani, walipokuwa vijana wa timu mbili za mji ule. Mmoja alisema bao alilifunga yeye. Mwenzake akaapa kuwa mpira ulitoka nje. Walionitazama ili niamue waliniona nikinyamaza, kwani hapakuwa na karatasi ya kuamua.

Nikamkumbuka Mwingereza mmoja, Ivan Sharpe, aliyezaliwa mwaka 1889 mjini St Albans. Alikuwa winga wa kushoto, na alikuwa mchezaji wa ridhaa, yaani hakulipwa mshahara wa mpira. Riziki aliitafuta kwa kuandika magazetini. Kwa hiyo kalamu haikumjia uzeeni, miguu ilipochoka. Njumu na kalamu vilikwenda pamoja.

Alichezea Watford, Glossop na Brighton, kisha Derby County. Mwaka 1912 Derby, wakiwa na Steve Bloomer, mfungaji aliyevuma mno, walitwaa ubingwa wa Daraja la Pili. Mwaka huo huo Sharpe alikwenda Stockholm na timu ya Uingereza ya Olimpiki. Waliifunga Denmark 4-2 katika fainali, naye akarudi na medali ya dhahabu.

Mwaka 1913 alijiunga na Leeds City, chini ya Herbert Chapman. Klabu hiyo ilifukuzwa kwenye ligi mwaka 1919. Ilituhumiwa kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni wakati wa vita, na ilipotakiwa itoe vitabu vyake vya hesabu, ikakataa. Klabu nzima ikafa kwa ajili ya daftari lililofichwa!

Sharpe mwenyewe alibaki na daftari lake. Mwaka 1924 akawa mhariri wa Athletic News, gazeti la michezo la Manchester lililosomwa sana, na mwaka 1952 akatoa kitabu cha miaka yake 40 katika mpira. Alifariki mwaka 1968.

Wapo watakaosema mchezaji hafai kuwa mwandishi, maana atawaficha rafiki zake. Hatari hiyo ipo, siikatai. Lakini aliyewahi kupigwa kiatu cha goti anajua jambo ambalo sisi wa jukwaani hatulijui. Na aliyekosea kwa upendeleo anaweza kusahihishwa, kwa kuwa ameandika. Asiyeandika utamsahihisha wapi?

Sasa tujitazame. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata ikazaliwa timu ambayo baadaye iliitwa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 ilipojiita Simba. Mashabiki wao wamejaa nchi nzima, na ugomvi wao haukauki. Lakini hebu hesabu, ndugu yangu, wachezaji wa zamani waliotuachia vitabu. Vidole vya mkono mmoja vitakutosha na vingine vitabaki.

Kilwa si mahali pa kuambiwa habari ya kuandika. Wafalme wa Kilwa Kisiwani waliandikiwa tarihi yao katika karne ya 16, na Mreno João de Barros alisimulia habari zao katika kitabu chake cha mwaka 1552. Ndiyo maana majina yao tunayo hadi leo. Iweje mji wenye kumbukumbu za masultani wa miaka mia nyingi ushindwe kujua nani alifunga bao zama za babu zetu?

Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana uliye na babu aliyecheza mpira, nunua daftari leo. Mwulize majina, mwaka na uwanja. Kisha mwulize na yule aliyekuwa timu ya pili, maana naye ana lake.

Wale wazee wawili niliwaacha wanacheka, bao bado halijaamuliwa. Nilirudi siku ya pili na kalamu.