Uganda: Mzazi anapolewa, mtoto hujifunza kunyamaza

Mwaka 2019 Uganda ilipiga marufuku pombe kali ya mifuko midogo ya plastiki, miaka miwili baada ya Tanzania kuviondoa viroba sokoni. Pombe hiyo iliuzwa kwa bei nafuu na ilifichika kwa urahisi. Marufuku hayo yaliulenga mfuko na mnywaji. Yapo madhara yasiyoweza kufikiwa na sheria ya namna hiyo, nayo ni yale yanayobaki katika nafsi ya mtoto anayelelewa na mzazi mraibu, awe anakunywa waragi, malwa au bia ya chupa.

Kinachomuumiza mtoto huyo kwanza ni kutojua jioni itakuwaje. Mzazi aliyeahidi asubuhi kulipa ada, usiku hakumbuki. Aliyecheka jana, leo hufoka kwa jambo lile lile. Mtoto hujifunza kuzisoma dalili: mlio wa mlango, mwendo wa miguu, uzito wa sauti. Kwa kuwa hofu haimtoki hata kitandani, hulala usingizi wa mang'amung'amu, huumwa tumbo au kichwa mara kwa mara, na darasani hatulii. Mwalimu asiyeyajua ya nyumbani humwita mvivu.

La pili ni siri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaalamu wa Marekani Claudia Black alieleza kanuni tatu ambazo watoto wa walevi huzifuata bila kufundishwa: usiseme, usiamini, usihisi. Aibu ya familia hufunikwa, na mtoto huacha kualika marafiki nyumbani. Wengi hujilaumu pia, wakidhani kwamba wangekuwa watiifu zaidi mzazi asingekunywa.

Mara nyingi mtoto wa kwanza huchukua nafasi ya mzazi: hupika, huwalaza wadogo zake na kumvua baba viatu. Majirani humsifu kwa ukomavu, wala hawaoni kuwa utoto wake umekatizwa.

Athari hizo zaweza kuendelea hadi ukubwani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998, uliowahusisha watu wazima zaidi ya 9,000, ulihesabu kuishi na mlevi miongoni mwa machungu ya utotoni. Ulionesha kuwa kadiri machungu hayo yalivyokuwa mengi, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi na majaribio ya kujiua ulivyoongezeka.

Hata hivyo, hayo si majaaliwa. Mtu mzima mmoja aliye thabiti, anayesikiliza bila kumtangaza mtoto, huweza kuubadili mwelekeo wa maisha yake. Huyo aweza kuwa bibi, mwalimu, au ssenga, yaani shangazi ambaye katika desturi ya Buganda ni mshauri wa wasichana. Neno la kwanza analopaswa kuambiwa mtoto ni kwamba hakuusababisha ulevi huo, hawezi kuudhibiti, wala si kazi yake kuuponya.

Penye kipigo au njaa, ushauri pekee hautoshi. Uganda, Kenya na Tanzania zina namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, isiyotozwa malipo. Mtoto mwenyewe aweza kuipiga, na jirani anayesikia kilio usiku aweza pia.