Hoki ya barafu Stockholm wakati wa vita: walikosea kucheza?



Sisi tuliolelea watoto Stockholm tunaijua hoki ya barafu, hata kama wenyewe hatuwezi kusimama juu ya viatu vile! Wengi tunadhani ni mchezo wa jadi wa Wasweden. Siyo. Uliletwa 1920 na Mmarekani mmoja wa biashara ya sinema, Raoul Le Mat, na kombe la ubingwa mpaka leo lina jina lake. Tena hapa haukukulia vyuoni kama Marekani, umekulia kwenye vilabu vya mitaa.

Sasa tuje kwenye vita. Majira ya baridi ya 1939/40 Finland ilikuwa inapigana na Urusi, na Wasweden zaidi ya 8,000 walijitolea kwenda kuisaidia. Nyumbani, IK Göta ya Stockholm ikachukua ubingwa. Aprili 9, 1940 Ujerumani ikavamia Denmark na Norway. Vijana wa Sweden wakaitwa kulinda mipaka, kahawa ikawa ya mgao. Hata hivyo hoki haikufa. Mwaka 1941 bingwa alikuwa Södertälje, 1943 Hammarby, 1944 Södertälje tena, 1945 Hammarby. Baridi za 1940 hadi 1942 zilikuwa kali mno, kwa hiyo barafu haikuwa shida! Mashindano ya dunia ndiyo yaliyosimama, hadi 1947 kule Prague, ambako Sweden ilikuwa ya pili.

Je, ilikuwa aibu kucheza wakati majirani wanakufa? Kabla hatujahukumu, tutazame kwetu. Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati ya Kenya na Uganda, liliendelea kuchezwa wakati wa vita, na Tanganyika ikaingia 1945. Wakati huohuo vijana wetu wa KAR walikuwa Burma. Desemba 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa inavuka mto Chindwin. Waliobaki nyumbani kucheza mpira hawakuwa wasaliti.

Kwa hiyo mimi sioni kosa kwenye kiwanja. Kama kuna la kuuliza, tuulize reli. Kuanzia 1940 hadi Agosti 1943 serikali ya Sweden iliruhusu treni za askari wa Ujerumani kupita nchini, na Juni 1941 ikapitisha divisheni nzima yenye silaha kutoka Norway kwenda Finland. Huo ulikuwa uamuzi wa wakubwa, si wa kijana anayekimbiza kisahani cha mpira.

Nayasema haya kwa sababu watoto wetu wanasoma vita hivi shuleni hapa, na kwa urahisi wanaweza kudhani babu zao hawakuwamo. Walikuwamo, tena mstari wa mbele, wakati Stockholm inacheza. Tuwaambie sisi wenyewe, maana tukinyamaza nani atawaambia?

Naomba kuwasilisha.