Nilalamike kwa Nani?

Ndugu msomaji, kuna siku nilipanda kipanya pale Songea mjini nikielekea Namasakata. Mlango wa pembeni ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tyubu. Kwenye kona moja mpira ukakatika, mlango ukafunguka, na mama aliyekuwa ameuegemea huku amempakata mtoto akaponea mkono wa konda. Dereva akasimama, akafunga mpira mwingine, safari ikaendelea. Nilipomuuliza kama amewahi kulalamika popote, alicheka: "Nilalamike kwa nani, mdogo wangu? Kitasa kilikuja hivi hivi."

Swali hilo lina historia ndefu, tena wapo waliolipatia jibu.

Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya Ralph Nader kutoa kitabu chake kilichowashambulia watengenezaji. Tangu hapo mwenye gari akiona kasoro anaweza kuiripoti serikalini, na ripoti zikifanana serikali inachunguza. Kampuni ya Chrysler ilianza kuuza vigari vyake vya familia mwishoni mwa mwaka 1983. Baadaye zikaja taarifa kwamba mlango wa nyuma unafunguka gari likigongwa na watu wanarushwa nje. Mwaka 1995 Chrysler ikakubali kubadilisha bure vitasa vya magari zaidi ya milioni 4. Kitasa tu, jamani! Kama kile kile cha safari yangu.

Japani, yanakotoka mengi ya magari yetu, ilianza utaratibu wa kuyarudisha magari yenye kasoro mwaka 1969. Lakini utaratibu bila ukweli ni karatasi tu. Mwaka 2000 iligundulika kwamba Mitsubishi Motors ilikuwa imeficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Januari 2002, huko Yokohama, gurudumu lilichomoka kwenye lori la kampuni hiyo likamuua mama aliyekuwa akitembea na wanawe. Mwaka 2004 kampuni ya malori ya Mitsubishi Fuso ikakiri kwamba habu ilikuwa na kasoro. Kumbe lalamiko lililofungiwa kabatini linaweza kuua.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na milango ikaanza kufunguka. Mitumba ya magari ikamiminika. Tatizo ni kwamba Japani barua ya kurudisha gari inamfuata mwenye gari aliyesajiliwa kule. Gari likishafutwa kwenye daftari lao na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Gari linavuka bahari, onyo linabaki.

Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya Takata, iliyofungwa kwenye magari ya kampuni nyingi. Baruti yake inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, halafu mfuko ukifumuka unarusha vipande vya chuma. Takata ilifilisika Juni 2017, na mifuko takriban milioni 100 duniani ikatakiwa kubadilishwa. Joto na unyevu! Hebu fikiria gari lililozeeka Dar es Salaam au Tanga.

Hatukosi vyombo. Tume ya Ushindani iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, TBS ipo, LATRA ilichukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Trafiki nao wanakagua na kubandika stika ya Nenda kwa Usalama. Lakini trafiki anaangalia breki, taa na tairi. Kasoro ya kiwandani hujulikana pale malalamiko ya watu wengi yanapowekwa pamoja. Kwetu lalamiko linaishia gereji: fundi anachomelea, mwingine Tunduru anachomelea hiyo hiyo, na hakuna anayejua kwamba ni ugonjwa mmoja.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujanunua, chukua namba ya chesisi uiangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji kama gari liliwahi kuitwa. Kitasa kikikusumbua, kiandikie barua, usikifunge mpira tu. Chrysler haikubadilisha vitasa kwa huruma. Ni kwa sababu watu waliandika.

Je, wewe gari lako limeshakufanyia nini, na ulimwambia nani?