Upepo Uliosubiri Akili: Historia ya Turbo Kwenye Mita 402

Mwaka 1965 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani iliwaita gereji wenye magari yake aina ya Jetfire na kuwafungulia turbo bila malipo. Mahali pake ikawafungia kabureta ya kawaida. Kijana wa leo anayeweka akiba mwezi baada ya mwezi ili anunue turbo ya mtumba ataiona hesabu hiyo ya ajabu, lakini wakati ule wateja wengi walikubali.

Jetfire lilitoka 1962, majira yale yale Chevrolet ilipotoa Corvair Monza Spyder. Hayo mawili ndiyo magari ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo ya kiwandani. Injini ya Jetfire ilikuwa V8 ya alumini, lita 3.5, nguvu za farasi 215, na wahandisi wake walikataa kupunguza mgandamizo wa silinda. Waliuacha juu, kwenye 10.25 kwa 1, kisha wakaweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yanyunyizwe ndani ya hewa ya turbo kuipoza. Mchanganyiko huo ukauzwa kwa jina la Turbo-Rocket Fluid. Watu wakasahau kujaza tangi. Likikauka, vali ya usalama ilibana njia ya hewa na gari likawa zito kama halina turbo kabisa. Yalitengenezwa karibu magari 9,600, na biashara ikaishia hapo.

Ninaanza na Jetfire kwa sababu linaonyesha mahali ugumu ulipo. Kusukuma hewa nyingi ndani ya silinda kulikuwa kumejulikana zaidi ya nusu karne. Kilichokosekana ni kitu cha kuisikiliza injini na kuamua, kila mzunguko, hewa ngapi inatosha, petroli ngapi iandamane nayo, na plagi ipige lini. Mtu anayefungua boneti ya gari lenye turbo akaistaajabia turbo, namwelewa, ila anatazama sehemu iliyo rahisi.

Aliyeanza ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyeandikisha hataza yake Ujerumani Novemba 1905. Kilichomuudhi ni joto lililokuwa likipotea kwenye ekzosi. Akafikiri: moshi huo uzungushe turbini, turbini izungushe feni iliyo upande wa pili wa mhimili mmoja, na feni isukume hewa kurudi kwenye injini. Ilichukua miaka 20 wazo hilo likubali kufanya kazi vizuri, na lilipokubali lilikuwa kwenye dizeli kubwa. Meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa mitambo yake katika miaka ya 1920, na injini ambayo ingetoa farasi 1,750 ikatoa 2,500.

Upande wa Marekani, Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipanda mlima Pikes Peak, Colorado, mwaka 1918 akiwa na injini ya ndege aina ya Liberty. Usawa wa bahari injini hiyo ilitoa farasi 350. Kileleni, mita 4,300 juu, ilitoa 230. Moss akaiwashia turbo, ikatoa 356. Jaribio hilo linatuhusu sana sisi wa nyanda za juu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo inayopanda kutoka Mombasa hupoteza njiani karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Turbo huirudisha hasara hiyo, ingawa hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi na kuzalisha joto zaidi kuipata presha ile ile.

Meli na ndege zina faida moja: huenda kwa mwendo ule ule kwa saa nyingi. Gari la mtaani husimama kwenye taa, hukanyagwa mafuta ghafla, huachiwa, hukanyagwa tena. Moshi ukiwa kidogo, turbini haizunguki, dereva akangoja. Moshi ukiwa mwingi, presha inapanda kuliko ilivyotakiwa. Na hewa iliyobanwa huwa ya moto. Petroli iliyochanganywa na hewa hiyo inapaswa kuungua kama moto wa shamba unaoanzia upande mmoja na kusogea kwa mpangilio hadi mwisho. Joto likizidi, vichaka vya upande wa pili hujiwasha vyenyewe kabla moto haujafika. Ndiko kugonga kwa injini. Dereva husikia mlio mdogo wa chuma, na akiendelea kukanyaga, pistoni hutoboka au kumeguka. Tunasema injini imenoki, na mara nyingi hakuna cha kuokoa isipokuwa bloku.

Wakati Büchi bado anauza mitambo ya meli, vijana wa California walikuwa wamepata namna yao ya kupima injini. Tangu miaka ya 1930 walipimana mwendo kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Baada ya vita mbio zikahamia barabarani, watu wakafa, polisi wakakamata. Aprili 1949, huko Goleta, gari mbili zikashindanishwa kwa ruhusa ya wenye mamlaka kwenye kipande cha lami. Moja, la Tom Cobbs, lilikuwa na feni ya kusukuma hewa. Jingine, la Fran Hernandez, lilikuwa na nitromethani ndani ya mafuta yake. Hernandez akashinda. Siku ile ile ya mwanzo, aliyefikiria mafuta alimpiga aliyefikiria hewa.

Mwaka 1950 C. J. Hart na wenzake wakafungua mbio za kila Jumapili kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka uliofuata Wally Parks, mhariri wa jarida la Hot Rod, akaanzisha chama cha NHRA, kwa lengo lililotajwa wazi: kuwaondoa vijana barabarani. Umbali ukawa robo maili, mita 402, magari mawili yakianzia kusimama, bega kwa bega. Mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika Great Bend, Kansas, mwaka 1955, kwenye uwanja uliotumika vitani kufunzia marubani wa ndege aina ya B-29. Kila injini ya ndege hizo ilikuwa na turbo mbili. Miaka 10 baada ya vita, kwenye lami hiyo hiyo, wakali wa magari waliamini V8 kubwa na feni za mkanda zilizofunguliwa kwenye dizeli za malori ya GMC. Feni ya mkanda hula nguvu ya krenkshafti, lakini haimngojeshi mtu, na kwenye mbio za sekunde 10 hadi 15 kungojea ni kushindwa. Turbo ilikuwa bado haijastahili mahali hapo.

Ulaya ilijaribu pia. BMW ilionyesha 2002 Turbo huko Frankfurt mwaka 1973, muda mfupi kabla ya bei ya mafuta kulipuka, na ikatengeneza magari 1,672 tu. Porsche ilifuata na 911 Turbo, gari lililowaogopesha hata wenyewe, kwa kuwa nguvu zake zilifika kwa kuchelewa na zote kwa pamoja, mara nyingi katikati ya kona. Kazi niipendayo zaidi ya miaka hiyo ni ya Saab. Kampuni hiyo ya Sweden ilichagua turbo ndogo inayoamka mapema, ikaiwekea kilango kinachopitisha moshi pembeni presha ikitosha, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaongeza mfumo iliouita APC. Sensa iliyofungwa kwenye bloku ilisikiliza. Injini ikianza kugonga, mfumo ulishusha presha wenyewe. Mwenye gari angeweza kujaza petroli duni na pistoni zake zikabaki salama. Hilo ndilo ambalo tangi la Jetfire lilishindwa kufanya.

Marekani ilifika huko kwa njia isiyotarajiwa: Buick, chapa ya magari ya wazee. Mwaka 1978 Buick iliweka turbo kwenye V6 ya lita 3.8, bado ikiwa na kabureta, na matokeo yalikuwa ya wastani. Mwaka 1984 kabureta ikaondoka, kila silinda ikapata injekta yake na kompyuta ikashika usukani wa petroli na cheche. Mwaka 1986 ikaongezwa intakula, yaani kipoza hewa iliyobanwa, na nguvu zikafika farasi 235, mwaka uliofuata 245. Gari hilo jeusi, Grand National, lilianza kuyaacha magari ya michezo kwenye taa za barabarani na kwenye mita 402. Toleo la mwisho, GNX la 1987, lilitajwa kuwa na farasi 276, na yalitengenezwa 547 tu.

Lililobadilisha historia zaidi lilikuwa ndani ya kisanduku cha kompyuta. Hesabu zote za injini ziliandikwa kwenye chipu ndogo iliyochomekwa, na wapenzi wa Buick wakagundua kwamba chipu hiyo inaweza kuchomolewa, kuandikwa upya na kurudishwa. Kabla ya hapo, fundi wa mbio alikuwa mtu wa bisibisi na pua: alinusa moshi, akasoma rangi ya plagi, akazungusha skrubu ya kabureta. Sasa akawa mtu wa jedwali. Kwa kila kiwango cha presha na kila mzunguko wa injini kulikuwa na namba, na namba hiyo ikabadilishwa.

Japani ndiko fani hii ilikokomaa. HKS, kampuni iliyoanzishwa na Hiroyuki Hasegawa mwaka 1973 karibu na Mlima Fuji, ilianza kuuza vifaa vya kufungia turbo kabla viwanda vikubwa havijathubutu. Turbo ya kwanza ya kiwandani nchini humo ilikuja mwishoni mwa 1979 kwenye Nissan Cedric na Gloria. Mwaka 1989 ikatoka Skyline GT-R R32. Injini yake, RB26DETT, ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,568, namba iliyotokana na sheria za mashindano ya Group A: ujazo wa injini ya turbo ulizidishwa kwa 1.7, na 2,568 ukizidisha unabaki chini ya lita 4.5. Bloku ni ya chuma, turbo mbili, magurudumu manne yote yanasukuma. Katika mashindano ya magari ya Japani, kuanzia 1990 hadi 1993, ilishinda mbio zote 29.

Kwenye karatasi GT-R ilikuwa na farasi 280. Watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza zaidi ya hapo, na makubaliano yakadumu hadi 2004. Kwa hiyo kiwanda kilijenga injini ya kubeba mzigo mkubwa, kikaifunga kamba kwa presha ndogo na kompyuta yenye tahadhari, kisha kikamwachia mnunuzi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa 2JZ ya Toyota Supra. Nguvu zilizofichwa zilikuwa zikimsubiri fundi mwenye subira.

Nasema subira kwa makusudi. Gari la mtaani linaloandaliwa kwa mita 402 huanzia kwenye pampu ya mafuta, injekta, intakula na mashine ya kupima mchanganyiko kwenye ekzosi. Petroli huungua sawasawa kwa uwiano wa 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, lakini presha ikiwa juu fundi huushusha uwiano huo hadi karibu 11.5 au 12, petroli ya ziada ipoze silinda. Presha huongezwa mwishoni, kidogo kidogo, huku rekodi ya sensa ya kugonga ikisomwa kila baada ya mkimbio. Anayeanza kwa presha na kuahirisha petroli anaandaa mazishi ya injini, na gereji zetu zinayashuhudia hayo mno.

Karatasi ya muda, anayopewa dereva baada ya mkimbio, hutoa hukumu mbili. Sekunde huonyesha jinsi tairi zilivyoshika lami, hasa mita 18 za mwanzo. Mwendo wa mwisho huonyesha nguvu, na kuna kanuni ya makadirio inayotumika sana: gari la kilo 1,400 pamoja na dereva, likivuka mstari kwa kilomita 177 kwa saa, lina takriban farasi 320. Tairi mbovu huharibu sekunde. Mwendo wa mwisho huyumba kidogo tu.

Afrika Mashariki turbo iliingia kwa vumbi. Toyota Celica ya Björn Waldegård ilishinda Safari Rally mwaka 1984 ikiwa na turbo, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 ikawa zamu ya Mitsubishi Lancer na Subaru Impreza, pamoja na ushindi wa Colin McRae mwaka 1997 na wa Richard Burns mwaka 2000 wakiwa na Subaru. Kisha magari ya mtumba yenye majina hayo yakaanza kushuka bandarini, usukani upande wetu, bei ya kufikika. Yalikuja na hatari isiyoonekana: petroli ya daraja la juu ya Japani huwa na okteni, kipimo cha kustahimili kugonga, karibu 100, na kompyuta ziliandikwa kwa petroli hiyo. Impreza inayonyweshwa okteni ya chini huku fundi akiipandisha presha iko kwenye njia ya Jetfire, isipokuwa yenyewe ina sensa ya kuisema. Kazi ya kwanza ya fundi makini hapa ni kurudisha cheche nyuma hadi injini iache kugonga, hata kama farasi watapungua.

Injini ya Impreza hizo, EJ20, yenyewe imekoma. Subaru ilifunga ukurasa wake Japani mwaka 2019 kwa toleo la mwisho la WRX STI, magari 555. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo mlango wa kuagiza EJ20 kutoka Japani unafungwa miaka hii hii. Tanzania huyapokea ya zamani zaidi kwa ushuru wa ziada. Kuanzia sasa Impreza za EJ20 zitakazopanga mstari kwenye lami ya Kenya zitakuwa zile zilizokwisha kuingia, na bloku zake zitapitia mikononi mwa mafundi wa hapa mara ya pili na ya tatu.