Shule ya tabia pale Gombe

Nilikuwa Kigoma kwa kazi ya gazeti, habari za bei ya dagaa. Hiyo nimeshaiandika na imeshatoka, sitaki kuwachosha nayo tena. Leo nataka kuandika juu ya karatasi iliyokuwa ndani ya begi langu safari nzima: fomu ya kuomba kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya tabia, katika chuo kimoja cha Uingereza. Ada yake inanitoa jasho hata nikiitaja. Baba mdogo amesema yuko tayari kuuza kiwanja chake ili nipate pa kuanzia, na tangu aliponiambia hivyo sijalala vizuri.

Kwa ambao hawajakutana nalo, hili ni somo linalouliza kwa nini watu wanafanya wanayoyafanya, hasa wanapofanya kinyume na walichosema watafanya. Ni saikolojia iliyooana na uchumi. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia, alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2002, na Richard Thaler akaipata 2017. Serikali ya Uingereza iliunda kikosi chake cha wataalamu wa tabia mwaka 2010. Benki ya Dunia ikaandika ripoti yake nzima ya maendeleo ya mwaka 2015 juu ya jambo hilohilo. Hapo jirani Nairobi kuna kituo cha Busara kinachofanya utafiti wa aina hii. Wanaohitimu wanachukuliwa na mabenki, makampuni ya simu, wizara na mashirika. Sijifanyi mtakatifu, mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua.

Basi kazi ilipoisha nikabaki na siku moja ya bure. Wageni wengi siku kama hiyo wanakwenda Ujiji kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mimi nilishafika pale, kwa hiyo nikaenda Kibirizi na kupanda boti ya abiria ya kwenda Mwamgongo. Ukishapata nafasi kati ya magunia na madumu, unatulia tu, maana safari ni ya saa kadhaa. Nilikaa karibu na mzee mmoja aliyevaa koti licha ya jua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda kwa nani?"

Nikamwambia sina mwenyeji, natembea tu. Mzee akaendelea kuniuliza kidogo kidogo mpaka nikajikuta namweleza habari za fomu. Akasikiliza yote, kisha akauliza, "Tabia za nani?" Nikasema za watu. Akacheka, akanyoosha mkono kulia kwetu, ambako msitu wa Gombe ulikuwa umeanza kuonekana. "Hapo walianza na za sokwe."

Na kweli. Kama kuna mahali Tanzania palipostahili kuitwa shule ya tabia, ni hapo, na mimi nilikuwa napita mbele yake nikiwa na fomu ya kwenda kuitafuta Ulaya.

Tarehe 14 Julai 1960 Jane Goodall alishuka kwenye ufukwe ule akiwa na mama yake na mpishi. Alikuwa na miaka 26 na hakuwa na digrii yoyote, alikuwa amesomea kazi ya ukarani. Kabla ya hapo walikwama mjini Kigoma. Kongo ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, Wabelgiji wanavuka ziwa kwa wingi, na mama na binti wakawa wanasaidia kuwatengenezea sandwichi. Miezi michache baadaye akamwona sokwe mmoja, aliyempa jina la David Greybeard, akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta likiwa limejaa mchwa, na kula. Wakati huo wasomi walikuwa wanafundisha kwamba ni binadamu peke yake anayetengeneza zana.

Mwaka 1962 Cambridge wakampokea kusoma udaktari bila digrii ya kwanza, jambo walilowafanyia watu wachache sana, na mwaka 1966 akatunukiwa. Kule walimlaumu kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba na kusema kwamba kila mmoja ana tabia yake. Hebu fikiria, umekaa msituni miaka, halafu mtu ambaye hajawahi kumwona sokwe nje ya kizimba anakwambia umekosea.

Lakini naye alikosea, na kwangu kosa hilo ndilo somo kubwa kuliko yote. Ili sokwe wasogee karibu, alianza kuwawekea ndizi kambini. Wakaja wengi, lakini ugomvi nao ukaongezeka. Sokwe waliokuwa wakizunguka msituni wakitafuta chakula sasa walikuwa wanakaa kugombania masanduku. Baadaye ndizi zikapunguzwa, na mpaka leo wapo wanaouliza ni kiasi gani cha yale yaliyoandikwa kilikuwa tabia ya sokwe na kiasi gani kilikuwa tabia ya ndizi. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria semina kwa sababu ya posho anaelewa ninachosema.

Jina ambalo sikulikuta katika orodha ya vitabu niliyotumiwa na chuo ni Hilali Matama. Huyu alikuwa miongoni mwa Watanzania waliofanya kazi ya kuwafuata sokwe kila siku. Januari 1974 ni yeye aliyeshuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi, dume wa kundi la Kahama lililokuwa limejitenga nao. Huo ulikuwa mwanzo wa mapigano ya miaka minne ambayo kundi la Kahama halikuyamaliza likiwa hai.

Halafu ikaja Mei 1975. Usiku watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wafuasi wa Laurent Kabila, yuleyule aliyekuja kuwa rais wa Kongo mwaka 1997. Waliteka vijana wanne, wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford na mwanamke mmoja Mholanzi. Wote waliachiwa hatimaye, lakini wanafunzi wa kigeni waliondolewa Gombe, na kwa miaka mingi kazi ikabaki kwa wafanyakazi wa Kitanzania, watu wa vijiji vya ziwani. Waliamka alfajiri, wakapanda milima, wakaandika nani kala nini, nani kampiga nani, nani kazaa. Maelezo hayo waliyaandika kwa Kiswahili. Miaka ya 1990 kumbukumbu zikapelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Duke, zikatafsiriwa, na watu wengi wakapata udaktari kwa kuzichambua. Silalamiki, zimetunzwa vizuri. Ila niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Boti ilipokuwa inaumaliza msitu niliona kile ambacho kila msafiri wa njia ile anakiona: mpaka wa hifadhi unaonekana kwa macho. Upande mmoja miti, upande wa pili vilima vya mihogo. Goodall mwenyewe aliona hali hiyo kutoka kwenye ndege mwanzoni mwa miaka ya 1990, akaelewa kwamba sokwe hawataokoka kama watu wa jirani hawana cha kula. Mwaka 1994 taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE katika vijiji 12. Waliwauliza wanakijiji wanataka nini, nao wakataja afya, maji na shule. Miti haikuwa ya kwanza katika orodha. Kwa hiyo mradi ukaanza na waliyoyataka, ikafuata mikopo midogo kwa akina mama, ufadhili wa wasichana shuleni, majiko yanayotumia kuni chache, na baadaye mipango ya matumizi ya ardhi ambamo vijiji vyenyewe vilitenga misitu. Kule Kalinzi wakulima walipata soko la kahawa Marekani. Ni mambo yaleyale yaliyomo kwenye silabasi ya chuo changu, isipokuwa kule yana majina marefu.

Goodall alifariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Nilimuuliza mzee wa boti kama alimfahamu. "Alikuwa anasalimia," akasema, akaanza kukusanya vitu vyake maana Mwamgongo ilikuwa imekaribia. Kabla ya kushuka akauliza, "Na ukishamaliza kuzisoma hizo tabia, utakuja kutuambia tukoje?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule gesti nilitoa fomu. Kuna kisanduku kinachouliza ungependa kuchunguza tabia gani, na nilikuwa nimejaza habari za wateja wa simu na mikopo ya haraka. Nikaifuta. Nikaandika kwamba nataka kujua kwa nini kijiji kimoja kinakubali kuacha kilima bila kulima na kijiji cha pili kinakataa, na kwamba utafiti utafanyika Kigoma, kwa Kiswahili. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa. Baba mdogo sijampigia bado.