Majina ya Kahawa ya Uhabeshi

Askari wetu waliopata kutumikia mpakani Moyale wanaifahamu desturi ya majirani zetu wa Ethiopia ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa. Buni hukaangwa mbele ya mgeni, hutwangwa, kisha hupikwa katika jebena, yaani birika la udongo lenye shingo ndefu. Mgeni hunywa mara tatu, na mara ya tatu huitwa baraka, neno ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Watu wanaoiheshimu kahawa kiasi hicho ndio waliolazimika, kati ya mwaka 2005 na mwaka 2007, kuyapigania majina ya kahawa yao wenyewe ng'ambo ya bahari.

Ubishi wenyewe ulihusu alama ya biashara. Alama ya biashara ni jina, neno au picha inayotenganisha bidhaa ya mtu mmoja na ya mwingine. Askari hana haja ya kuelezwa sana jambo hilo. Beji aliyovaa humwambia raia kwamba aliyesimama mbele yake ni wa kikosi fulani, na asiyekuwa wa kikosi hicho akiivaa, anadanganya. Uingereza ilifungua daftari lake la alama tarehe 1 Januari 1876, chini ya sheria ya mwaka 1875, na alama ya kwanza kuandikwa humo ilikuwa pembetatu nyekundu ya watengenezaji bia wa Bass. Sheria yetu ya Kenya, Sura ya 506, inatokana na mizizi hiyo hiyo. Lakini daftari halivuki mpaka. Alama iliyoandikishwa Nairobi haina nguvu Marekani mpaka hatua zichukuliwe za kuilinda huko pia.

Sasa, Sidamo na Yirgacheffe ni majina ya kusini mwa Ethiopia, na Harar ni mji wa kale upande wa mashariki. Wanywaji wa Ulaya na Marekani hulipa bei ya juu kwa kahawa yenye majina hayo. Shirika la misaada la Oxfam lilieleza wakati ule kwamba ratili moja ya kahawa hiyo iliweza kuuzwa dukani Marekani hadi dola 26, ilhali mkulima alipata kati ya senti 60 na dola 1 na senti 10. Kati ya fedha hizo mbili palikuwa na jina, na jina hilo halikuwa na mwenyewe kisheria.

Mwaka 2004 kampuni ya Starbucks, yenye makao yake katika mji wa Seattle, iliomba kuandikisha jina la kahawa lenye neno Sidamo ndani yake. Mwezi Machi 2005 serikali ya Ethiopia nayo ikapeleka maombi yake Marekani, kwa majina yote matatu. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kikapinga. Hoja yao ilikuwa kwamba hayo ni majina ya mahali, na kwamba yamekuwa ya kawaida mno kuweza kumilikiwa na mtu yeyote. Ofisi ya Marekani kwanza iliyakataa maombi ya Harar na Sidamo, ingawa Yirgacheffe ilipita mwaka 2006. Mwaka huo huo Starbucks iliondoa ombi lake.

Ethiopia ilijibu kwamba mnunuzi aitakapo Sidamo haulizi ramani, bali anataka ladha anayoijua. Kwa hiyo neno limekwisha kupata maana ya pili, na sheria inaitambua maana hiyo. Ikashauriwa ichukue alama ya uthibitisho, ambayo humtaka mwenye alama kukagua na kuthibitisha asili ya kila mzigo. Ikakataa, na kwa maoni yetu ilifanya vyema. Kahawa hiyo inalimwa na wakulima wadogo wengi mno, kila mmoja na kishamba chake, na wengine huipeleka sokoni kwa miguu. Gharama ya kuwakagua wote ingemwangukia mkulima yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa.

Kuanzia Oktoba 2006 Oxfam iliwahimiza wateja waiandikie Starbucks, na maelfu kwa maelfu wakaandika. Mwezi Novemba mkurugenzi mkuu wa kampuni hiyo alisafiri hadi Addis Ababa kuonana na Waziri Mkuu Meles Zenawi. Mwezi Juni 2007 mapatano yakatiwa sahihi: Starbucks iliyakubali majina hayo kuwa ya Ethiopia, hata pale ambapo hayajaandikishwa, na ikachukua leseni ya kuyatumia.

Leseni hiyo haikuwa na mrabaha, na wako waliouliza ni ushindi gani huo usiolipa hata senti. Swali hilo ni la haki. Nia ya Ethiopia ilikuwa wauzaji wengi wakubali kwanza kwamba jina lina mwenyewe, kisha nchi ipate sauti katika bei. Hata hivyo alama peke yake haimfikishii mkulima fedha. Kati yake na meli wako wachuuzi na madalali wengi, na daftari la Marekani haliwagusi hao.

Sisi wenyewe tulionja jambo kama hilo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kuimiliki huko alama ya neno kikoi, kwa tahajia yao, ingawa ni vazi lililovaliwa na wazee wa pwani tangu zamani. Kenya ilipinga, na mwaka 2008 shauri hilo likaisha bila ya kampuni kulipata neno.

Mwaka 2008 huo huo Sidamo nayo iliandikishwa Marekani. Wenyeji wa kule hujiita Sidama, na mwaka 2020 walipata jimbo lao lenye jina hilo. Lakini lililoingia daftarini ni Sidamo, kama lilivyokuwa limezoeleka kwenye magunia.