Kutoka Gari la Sinema hadi Sabufa: Historia ya Kutazama Filamu Mutomo

Mutomo ni mji wa soko kusini mwa Kaunti ya Kitui, kwenye njia inayotoka mji wa Kitui kupitia Ikutha, ikavuka Mto Athi na kufika Kibwezi upande wa Makueni. Eneo lenyewe ni kame, maboma yametawanyika, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 halikuwa na waya wa stima wala barabara ya lami. Umeme na umbali ndio ulioamua watu wa huko watazame nini, wapi na kwa gharama gani. Ukubwa wa kioo na ubora wa picha ni mambo yaliyoanza kujadiliwa juzi tu.

Filamu zilianza kuingia vijijini Afrika Mashariki zikiwa juu ya lori. Mwaka 1935 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937 ulikuwa umetengeneza filamu 35 fupi za milimita 16, nyingine zikihusu kodi, akiba ya posta na ugonjwa wa safura. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri katika lugha kadhaa, na fundi alilazimika kuioanisha na picha papo hapo huku umati ukisubiri.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Uingereza iliunda kitengo chake cha filamu za makoloni, Colonial Film Unit, na William Sellers ndiye aliyekiongoza. Sellers alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, kwa hiyo filamu zake ziliburuzwa polepole, tukio moja baada ya jingine. Ilikuwa nadharia ya dharau, na watazamaji wenyewe waliikanusha kwa jinsi walivyowashangilia Charlie Chaplin na makauboi, ambao filamu zao hazikutengenezewa mtu wa kijijini kabisa. Huko Ukambani, ambako Kitui imo, habari za vita zilikuwa na wasikilizaji tayari, kwa kuwa Wakamba walikuwa wengi katika jeshi la King's African Rifles. A. M. Champion, aliyewahi kuwa ofisa wa utawala, aliandika mwaka 1948 kuhusu kazi ya kuzunguka Kenya na gari la sinema.

Baada ya uhuru magari hayo yaliendelea chini ya Wizara ya Habari, kisha yakaja ya kampuni za sabuni na dawa za meno, na ya makanisa yaliyoonyesha filamu ya Yesu iliyotolewa mwaka 1979 na baadaye kutiwa sauti ya Kikamba. Utaratibu wake haukubadilika sana. Gari lilipita mchana likitangaza kwa vipaza sauti, likaegeshwa kwenye uwanja wa shule au soko, kitambaa cheupe kikatandazwa, na jenereta ikasogezwa mbali kadiri waya ulivyofika ili mngurumo wake usimeze maneno. Waliokosa nafasi mbele walikaa nyuma ya kitambaa, wakaona picha ileile ila maandishi yake yamegeuka kinyume.

Televisheni ya Kenya ilianza mwaka 1962 jijini Nairobi. Mwaka 1964 shirika la utangazaji likawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1970 likafungua kituo cha televisheni Mombasa. Mutomo ilibaki katikati, mbali na miji yote miwili. Aliyemudu seti alisimika mlingoti mrefu, akafunga antena juu yake, halafu mtoto akatumwa kuuzungusha huku mtu mwingine dirishani akipaza sauti kwamba picha imekuja au imepotea. Chengachenga zilivumiliwa, mradi sauti ya vichekesho vya Vitimbi au Vioja Mahakamani isikike.

Kwa nyumba zisizo na stima kilichowezesha yote hayo ni betri ya gari. Televisheni ya inchi 14 isiyo na rangi, kama zile za Great Wall zilizoenea Kenya, ilitumia volti 12 moja kwa moja na kula wati 15 hadi 20. Betri ya ampea-saa 50 ina takriban wati-saa 600. Ikitumiwa nusu tu, kama inavyotakiwa ili isife mapema, inatosha saa 15 za kutazama, yaani taarifa ya habari na kipindi kimoja kwa muda wa wiki moja. Baada ya hapo ilifungwa kwenye baiskeli au kupakiwa kwenye matatu hadi penye jenereta, ikachajiwa kwa malipo na kurudi. Wengi hawakuiachia hata hiyo nusu, wakaitumia hadi picha ikasinyaa kuwa mstari, ndiyo maana betri ziliharibika kabla ya wakati wake.

Paneli za sola zilipunguza safari hizo. Biashara yake nchini Kenya ilishika kasi katikati ya miaka ya 1980 katika maeneo ya kahawa ya Mlima Kenya, ambako mhandisi Mmarekani Harold Burris alikuwa miongoni mwa waanzilishi. Wafadhili walizitazama paneli kama taa za kusomea za wanafunzi. Watafiti waliochunguza nyumba za mashambani katika miaka ya 2000, kama Arne Jacobson, walikuta umeme mwingi wa paneli ndogo za wati 12 au 14 ukienda kwenye televisheni. Wanunuzi walijua walichokuwa wakinunua.

Kanda ya VHS, iliyoletwa sokoni na JVC mwaka 1976, haikuingia nyumba nyingi za Mutomo. Deki, televisheni ya rangi na jenereta kwa pamoja vilikuwa mtaji wa biashara, si samani. Kwa hiyo kanda zilikaa kwenye vibanda vya video sokoni: chumba cha mabati kilichozibwa madirisha, mabenchi, na ubao wa chaki mlangoni ukitaja mchezaji kuliko jina la filamu. Jackie Chan, Schwarzenegger na Amitabh Bachchan walitosha kuujaza ukumbi. Kisheria vibanda hivyo vilihitaji leseni chini ya sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, ambayo leo husimamiwa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, lakini msukumo wa kila siku ulitoka kwa machifu na walimu, waliolalamika kwamba wanafunzi wamejificha humo.

Kilichohamisha filamu kutoka kibandani hadi sebuleni ni diski. VCD, iliyobuniwa mwaka 1993, ilibeba dakika 74 hivi, kwa hiyo filamu moja ilihitaji diski mbili na mapumziko ya lazima katikati. DVD ilifuata ikiwa na gigabaiti 4.7, na mara wafanyabiashara wa Asia wakagundua kwamba picha zikibanwa vya kutosha, diski moja hubeba filamu kumi au ishirini. Kenya nzima ilifahamu bei ya nakala kwa muda mrefu: shilingi 50. Kwa bei hiyo walifika pia wanamuziki wa benga ya Kikamba, ambao nyimbo zao zilizokuwa za redio na kaseti zikaanza kuuzwa na picha. Alifika vilevile DJ Afro, msimulizi anayeweka Kiswahili chake cha mtaani juu ya filamu za mapigano za kigeni, akiwapa wahusika majina mapya na kueleza njama kabla haijafika. Usimulizi wa aina hiyo ulikuwa umeshamiri kwanza Uganda na Tanzania. Kwa mtazamaji asiyesoma tafsiri za chini ya picha, ulifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote kipya.

Stima ilifika kwa awamu. Mamlaka ya kusambaza umeme vijijini iliundwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2006, ikaanza na shule, zahanati na masoko. Mwaka 2015 mpango wa Last Mile ulishusha ada ya kuunganishiwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Maboma yaliyo mbali na transfoma yalibaki na sola, sasa ya kulipia kidogo kidogo: M-Kopa ilianza kuuza kwa malipo ya kila siku kupitia M-Pesa mwaka 2012, na mwaka 2016 ikaongeza televisheni ndogo.

Wakati huohuo mitambo ya analogi ilizimwa. Tarehe ya mwisho ya kimataifa ilikuwa 17 Juni 2015, na Februari mwaka huo NTV, KTN na Citizen zilitoweka hewani kwa takriban wiki tatu kutokana na mzozo kuhusu ving'amuzi. Kwa sehemu za pembezoni badiliko lenyewe lilikuwa na ukali wake. Mawimbi dhaifu ya analogi yalileta picha yenye chengachenga. Ya dijitali yakidhoofika hayaleti kitu. Nyumba iliyozoea kuona kidogo iliambulia kioo cheusi, na mwenye nyumba akaelekea ama kwenye dishi ama kwenye duka la filamu.

Ndipo likaja sanduku la "home theatre": deki ya DVD, spika tano ndogo na sabufa moja. Mpangilio wake unadai spika tatu mbele, mbili nyuma ya watazamaji, na sabufa popote sakafuni. Katika nyumba nyingi spika zote tano hupangwa kwenye kabati moja, mbele ya televisheni, juu ya vitambaa vya kufuma. Wataalamu hulicheka jambo hili bila sababu ya kutosha. Nyaya zinazokuja na sanduku ni fupi, makochi yamegusa ukuta, na filamu zenyewe, zilizobanwa na kusimuliwa upya, huwa zimepoteza sauti za nyuma zamani. Spika ya nyuma haina cha kwake cha kusema DJ Afro anapozungumza.

Tatizo halisi la sauti katika nyumba hizi ni bati. Kuta za matofali ya kuchoma, ambayo Ukambani hutengenezwa kwa wingi, pamoja na sakafu ya saruji, hurudisha sauti; bati lisilo na dari hutetemeka kwa besi. Sabufa ikiwekwa kwenye kona besi huongezeka, na wauzaji huionyesha hapo dukani kwa makusudi. Pazia zito, zulia na dari ya mbao nyembamba husaidia zaidi ya kununua spika kubwa. Namba za kwenye sanduku nazo zisiaminiwe: sabufa huweza kuandikwa wati 5,000 huku ikivuta chini ya wati 100 kutoka kwenye soketi. Pesa ya ziada ni heri iende kwenye kifaa cha kukinga televisheni, kwa sababu stima inayokatika na kurudi kwa kishindo imeua kadi nyingi kuliko uzee.

Diski zilipoanza kukwaruzwa na vumbi na nafasi yake kuchukuliwa na flashi, duka la filamu likawa hifadhi ya mji mzima. Nyuma ya kaunta kuna kompyuta moja na diski kuu za nje zenye terabaiti kadhaa, zikiwa na mafaili yaliyopangwa kwa aina: za DJ Afro, za Kikorea, za Kinaijeria, katuni, nyimbo za injili za Kikamba. Mteja huleta flashi ya gigabaiti 8, akaondoka na filamu nane au kumi. Muuzaji mzuri humwuliza kwanza televisheni yake ni ya aina gani. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 hukataa faili linalozidi gigabaiti 4, na televisheni za bei nafuu mara nyingi huonyesha picha bila sauti kwa sababu hazitambui namna sauti ilivyofungwa. Asiyeuliza hurudiwa na mteja kesho yake asubuhi. Nyingi za nakala hizi hazina idhini ya wenye haki, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya imeziandama bila kuzimaliza.

Wazo la kuweka filamu kwenye sanduku moja karibu na watazamaji, badala ya kuzivuta kila mara kutoka mbali, lilifuatwa pia na kampuni ya BRCK ya Nairobi. Huduma yake ya Moja iliweka ndani ya matatu kifaa chenye hifadhi na Wi-Fi, na abiria wakatazama kilichohifadhiwa humo. Programu za nyumbani za kazi hiyohiyo hazina gharama: Kodi, iliyoanza kama XBMC, ilipata jina lake la sasa mwaka 2014, na Jellyfin ilitokana na programu ya Emby mwishoni mwa 2018. Lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 2010, ilirahisisha kuleta kompyuta zilizokwishatumika za kuziendesha programu hizo, na Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023, ikafungua njia ya kupakua filamu mahali ambapo nyaya za intaneti hazijafika.

Hata hivyo hesabu ya mwisho bado ni ya wati. Kompyuta ya mezani iliyozeeka, ikiachwa ikiwaka mchana na usiku kwa wati 60, hula wati-saa 1,440 kwa siku, nyingi kuliko betri mbili za gari zilizojaa. Kompyuta ya mapakato ya wati 15 hula robo yake, na betri yake ya ndani huivusha stima inapokatika kwa muda mfupi. Kioo chake kikiwa kimevunjika huuzwa rahisi zaidi, na kwa kazi ya kuhifadhi filamu na kuzituma kwenye televisheni ya sebuleni kioo hicho hakihitajiki.